Kuchagua Betri ya Mashua ya Mfano Iongozwayo kwa Redio

Mji wa Same umekaa katika tambarare kavu, upande wa magharibi wa milima ya Upare ya Kusini. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi zinapoipanda milima hiyo hupoa, na mvua nyingi huangukia miteremko ya mashariki na vilele vya juu kama Shengena, wenye kimo cha mita 2,462. Upande wa Same hubaki katika kivuli cha mvua. Hata hivyo nchi hii haikosi maji yaliyotulia. Tangu zamani Wapare wamejenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya mlimani ambayo hujazwa kwa mfereji wakati wa usiku, na mchana hufunguliwa kwa zamu ili kumwagilia mahindi na maharage. Kaskazini zaidi, upande wa Mwanga, liko bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa katika miaka ya 1960, na mpakani mwa Kenya liko Ziwa Jipe.

Kwa hiyo chama cha sayansi cha shule yoyote ya sehemu hizi kinaweza kupata mahali pa kuendeshea mashua ya mfano iendayo kwa umeme na kuongozwa kwa redio. Chombo cha namna hii si mchezo tu. Ndani yake mna kanuni ya Archimedes, sheria ya Ohm, kemia ya betri, na elimu ya mawimbi ya redio, vyote katika kitu kimoja ambacho mwanafunzi anaweza kukibeba kwapani. Lakini swali linalowatatiza wengi huja mapema: tutumie betri gani?

Katika makala haya tutajaribu kulijibu swali hilo kwa utaratibu. Jambo tunalotaka msomaji alishike ni hili: betri haichaguliwi kwa kutazama maandishi ya ubavuni mwake tu. Huchaguliwa kwa kuanzia kwenye mashua yenyewe, kwa kuuliza mambo matatu kwa mpango: mashua inaweza kubeba uzito gani, mota itavuta mkondo kiasi gani, na ni nishati gani itakayobaki kwa ajili ya safari ya kurudi.

Neno hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Gari la mfano likiishiwa na umeme, mwenyewe huliendea akaliokota. Mashua ikiishiwa na umeme katikati ya bwawa, mwanafunzi atashawishika kuingia majini kuifuata. Sakafu ya ndiva nyingi ni tope laini linaloshika miguu. Maji yaliyotuama yanaweza kuwa na konokono waenezao kichocho. Ziwa Jipe lina viboko na mamba, na bwawa la Nyumba ya Mungu nalo lina mamba. Ndiyo maana tunasema kwamba hesabu ya betri ni hesabu ya usalama, nayo yapasa ifanywe darasani kabla ya kwenda majini.

Historia kwa ufupi

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1838 Moritz von Jacobi, mwanasayansi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Urusi, aliendesha mashua kwa mota ya umeme katika mto Neva mjini St. Petersburg. Mashua ilikwenda na watu ndani yake, lakini betri za siku zile zilikuwa nzito, na zinki iliyoliwa ndani yake ilikuwa ghali mno. Betri ya risasi na asidi, ambayo huweza kuchajiwa tena, ilivumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859.

Mwaka 1898, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo iliyogeuza usukani na kuwasha taa zake kwa amri za mawimbi ya redio. Hataza yake ilitolewa Novemba mwaka huo huo. Ndani ya mashua ile mlikuwa na betri za kuchajiwa, mota ya rafadha, mota ya usukani, na kipokea mawimbi. Mpangilio huo ndio tunaoutumia hata leo. Kilichobadilika sana ni betri. Seli za nikeli na haidraidi zilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na seli za lithiamu za kuchajiwa zilitolewa sokoni na kampuni ya Sony ya Japani mwaka 1991. Walioweka msingi wa seli hizo, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019.

Swali la kwanza: mashua inaweza kubeba nini?

Hebu tuchukue mfano wa mashua iliyoundwa kwa mbao nyepesi. Urefu wake majini ni sentimita 60, upana wake ni sentimita 18, nasi tunataka izame sentimita 5 tu. Kama ingekuwa na umbo la sanduku, ingesukuma kando maji ya ujazo wa 60 × 18 × 5, yaani sentimita za ujazo 5,400. Lakini mashua huchongoka omo na kupungua kuelekea chini, kwa hiyo tuchukue sehemu sita katika kumi za sanduku hilo, yaani 3,240. Kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya maji baridi ina gramu 1, kanuni ya Archimedes inatuambia kwamba mashua nzima pamoja na vyote vilivyomo isizidi gramu 3,240.

Sasa tutoe. Mwili wa mashua una gramu 1,250. Mota, mhimili na rafadha vina gramu 350. Kipokea mawimbi, mota ya usukani, kidhibiti mwendo na nyaya vina gramu 240. Jumla ni gramu 1,840, na kilichobaki ni gramu 1,400. Tukiweka akiba ya gramu 400 kwa marekebisho na kwa maji yatakayopenya, betri yetu isizidi kilo moja.

Hapa inafaa kusahihisha dhana moja iliyoenea, kwamba betri nyepesi daima ni bora. Kwa ndege ya mfano, hivyo ndivyo ilivyo. Kwa mashua, sivyo. Mabaharia wa pwani huweka farumi chini ya jahazi tupu ili lisipinduke, na betri iliyowekwa chini kabisa juu ya mkuku ni farumi nzuri. Tuseme mashua yetu imesanifiwa kubeba betri ya gramu 750, kisha mtu akaweka ya gramu 100. Eneo la mashua kwenye usawa wa maji ni kama sentimita za mraba 810. Gramu 650 zilizopungua zitaiinua mashua kwa 650 ÷ 810, yaani milimita 8 hivi. Hizo zatosha kuifikisha ncha ya rafadha ndogo karibu na uso wa maji ikaanza kuvuta hewa badala ya maji, na upepo wa mchana unaweza kuilaza mashua ubavu. Mwenyewe atalazimika kuongeza mawe au risasi ndani yake, na ile faida ya wepesi aliyoinunua kwa bei kubwa itakuwa imepotea.

Swali la pili: mota inavuta mkondo gani?

Tuseme mota yetu ni ya volti 6, na katika mwendo wa kawaida majini huvuta ampea 2.4. Nguvu inayotumika ni 6 × 2.4, yaani wati 14.4. Kipimo hiki kifanyike mashua ikiwa majini, ndani ya beseni kubwa au karai, huku imeshikwa kwa mkono isiende. Rafadha izungukayo hewani haifanyi kazi kubwa, na mkondo utakaosomwa hapo utakuwa mdogo mno hata kumpotosha mpimaji. Kwa kuwa mashua iliyoshikwa huvuta mkondo mkubwa kidogo kuliko iendayo, hesabu yetu itaelekea upande wa salama.

Mkondo ni jambo la maana kwa sababu kila betri ina ukinzani wake wa ndani. Betri inapotoa mkondo, sehemu ya volti zake hupotea humo humo ndani. Tukiuita msukumo wa betri E, mkondo I, na ukinzani wa ndani r, volti zinazoifikia mota ni V = E − Ir. Mlingano huu, ambao kila mwanafunzi wa sekondari huukariri, ndio unaozitenganisha betri zifaazo na zisizofaa.

Tujaribu kwa seli kavu nne kubwa za kaboni na zinki, za aina itumiwayo katika redio na tochi. Zikiunganishwa kwa mfuatano hutoa volti 6, kama inavyotakiwa. Lakini seli moja ya namna hiyo, hasa ikiwa imekaa dukani muda mrefu, inaweza kuwa na ukinzani wa ndani wa omu 0.4. Nne zina omu 1.6. Kwa makadirio tuihesabu mota kuwa ni mzigo wa omu 2.5, yaani 6 ÷ 2.4. Ukinzani wote ni omu 4.1, mkondo ni 6 ÷ 4.1, yaani ampea 1.46, na volti zinazoifikia mota ni 3.7 tu. Nguvu iliyobaki ni wati 5.4 badala ya 14.4. Seli zile zile zinazoiimbisha redio kwa majuma mengi hushindwa kuisukuma mashua, si kwa kuwa hazina nishati, bali kwa kuwa haziwezi kuitoa kwa haraka. Mtungi uliojaa lakini wenye shingo nyembamba haufai kuzimia moto.

Kuna hatari nyingine iliyofichika hapa. Mara nyingi kipokea mawimbi hupata umeme wake kutoka betri hiyo hiyo ya mota. Vipokezi vingi huacha kufanya kazi volti zinaposhuka hadi kiasi cha 4 au chini yake. Mota inapoanza kuzunguka, au rafadha inaponaswa na majani, mkondo hupanda ghafla. Mota yetu ikiwa na ukinzani wa omu 0.6 katika nyaya zake, ikinaswa kabisa itavuta hadi ampea 10. Kwa betri yenye ukinzani mkubwa, volti zitaanguka, kipokezi kitazimika, na mashua haitasikia amri yoyote. Mtu aliye ufukweni atadhani redio imeharibika, kumbe ni betri. Kwa sababu hiyo tunashauri mambo mawili: kipokezi kipewe betri yake ndogo ya pekee inapowezekana, na kwenye waya wa betri kubwa iwekwe fyuzi ya ampea 5. Katika Ziwa Jipe, ambako matete yameenea sana, fyuzi hiyo si anasa.

Swali la tatu: nishati ya kurudia itatoka wapi?

Ukubwa wa betri huandikwa kwa ampea-saa. Betri ya ampea-saa 4.5 ingetarajiwa kutoa ampea 2.4 kwa muda wa saa moja na dakika 52. Lakini tusome maandishi madogo. Kwa betri nyingi za risasi, kipimo hicho kimechukuliwa kwa kuitoa nishati polepole kwa saa 20, yaani kwa mkondo wa ampea 0.225 tu. Mkondo ukiwa mkubwa, asidi iliyo karibu na mabamba huisha nguvu kabla ile iliyo mbali haijafika, na betri hutoa kidogo kuliko ilivyoahidi. Kwa ampea 2.4 betri hiyo itatoa ampea-saa kama 2.8, yaani dakika 70 tu badala ya 112.

Basi tupange safari. Tuseme tunataka mashua iende kwa dakika 30. Itahitaji 2.4 × 0.5, yaani ampea-saa 1.2. Kanuni tunayoipendekeza kwa shule ni kutumia nusu tu ya kile ambacho betri inaweza kutoa kwa hakika, na kuiacha nusu ya pili kwa ajili ya upepo wa mbele, majani, na makosa ya makadirio. Kwa hiyo tunahitaji betri inayoweza kutoa ampea-saa 2.4 kwa mkondo wa kazi. Betri ya risasi ya ampea-saa 4.5, ambayo hutoa 2.8, inatosha. Uzito wake ni gramu 750 hivi, nao uko ndani ya mpaka wetu wa kilo moja.

Nishati pia huokolewa kwa namna ya kuendesha. Kwa makadirio, nguvu inayohitajika kuisukuma mashua majini huongezeka kwa kadiri ya kipeo cha tatu cha mwendo. Mwendo ukipunguzwa kwa nusu, nguvu hupungua hadi sehemu moja ya nane. Safari itachukua muda mara mbili, kwa hiyo nishati ya safari nzima itakuwa robo tu. Anayeona mashua inaanza kulegea asiongeze mwendo kwa hofu, apunguze.

Wala haifai kununua betri ya volti nyingi zaidi kwa tamaa ya mbio. Mashua izamayo majini hutengeneza wimbi, na urefu wa mashua ndio unaoweka mpaka wa mwendo wake. Kwa mita kwa sekunde, mpaka huo ni kiasi cha 1.25 mara kipeuo cha pili cha urefu kwa mita. Kwa mashua yetu ya mita 0.6 tunapata takriban mita 1 kwa sekunde. Nguvu ya ziada hapo huishia kuinua mawimbi na kuipasha mota joto.

Mwisho, mashua ianze safari kwa kuelekea upepo utokako. Betri ikiwa na nguvu zake zote, ipambane na upepo. Ikichoka, upepo huo huo uisaidie kurudi kwa mwendeshaji.

Aina za betri zilizopo

Betri ya risasi na asidi ni nzito: kila kilo yake hubeba wati-saa 30 hadi 40. Lakini ukinzani wake wa ndani ni mdogo sana. Betri ndogo ya volti 6 ina omu kama 0.02, hivyo hata mkondo wa ampea 10 huipotezea volti 0.2 tu. Bei yake ni nafuu kuliko nyingine, na inapatikana kwa wauzao vifaa vya sola na taa za dharura. Ichaguliwe iliyozibwa. Betri ya pikipiki ya aina inayojazwa maji haifai, kwani mashua ikilala ubavu asidi itamwagika na kula nyaya, mbao na ngozi ya mikono. Hata kwa betri iliyozibwa, mashua iachiwe tundu la kupitisha hewa, kwa sababu betri ya risasi ikichajiwa kupita kiasi hutoa haidrojeni, nayo mota hutoa cheche.

Seli za nikeli na haidraidi zina volti 1.2 kila moja. Tano kwa mfuatano hufanya volti 6. Seli tano nene za ampea-saa 3 zina gramu 300 hivi. Ukinzani wake ni mdogo, na hutoa karibu nishati yote iliyoandikwa hata kwa mkondo mkubwa. Kwa mashua iliyo ndogo kuliko hii ya mfano wetu, hizi ndizo zifaazo zaidi. Ndugu zao wa zamani, seli za nikeli na kadimiamu, ziepukwe shuleni, kwa maana kadimiamu ni sumu.

Seli za lithiamu hubeba wati-saa 150 hadi 250 kwa kilo, nazo ndizo zimo katika simu za mkononi. Volti zake ni kama 3.6, na mbili hutoa 7.2. Ubaya wake ni kwamba hazisamehe. Zikichajiwa kupita volti 4.2 kwa seli, zikitobolewa, au zikiunganishwa ncha kwa ncha bila mzigo, zinaweza kuwaka moto usiozimika kwa urahisi. Zikishushwa sana chini ya volti 3 huharibika. Zinahitaji chaja yake maalumu na mtu mzima wa kusimamia. Iko aina tulivu zaidi, itumiayo fosfati ya chuma, yenye volti 3.2 kwa seli. Mbili hutoa volti 6.4, karibu sawa na mahitaji ya mota yetu, nazo hustahimili kuchajiwa mara nyingi sana. Shule yenye uwezo wa kuzinunua pamoja na chaja yake isisite, mradi mashua isanifiwe kwa uzito wake.

Kwa shule nyingi za sekondari, hata hivyo, jibu letu ni betri ya risasi iliyozibwa, ya volti 6, ya ampea-saa 4 hadi 5. Uzito ambao wengine wanauona kuwa ni aibu yake, katika mashua ni sehemu ya kazi yake.

Kuipima betri darasani

Betri iliyokaa dukani au iliyotumika kwingine haiaminiki kwa maandishi yake. Jaribio lifuatalo halihitaji vifaa vya gharama. Chukua taa mbili za indiketa za gari, kila moja ya volti 12 na wati 21, uziunganishe sambamba kwenye betri ya volti 6. Kwa kuwa waya wa taa usio moto sana una ukinzani mdogo, kila taa itavuta karibu ampea 1.2, na zote mbili ampea 2.4, sawasawa na mota yetu.

Kwanza pima volti za betri iliyochajiwa ikiwa haina mzigo. Kisha washa taa, upime volti na mkondo. Tofauti ya volti ikigawanywa kwa mkondo hutoa ukinzani wa ndani. Baada ya hapo acha taa ziwake, wanafunzi wakiandika volti kila baada ya dakika tano, na kuzima mara volti zinapofika 5.4. Mchoro wa volti dhidi ya wakati utaonyesha mstari unaoshuka polepole, kisha kuporomoka ghafla mwishoni. Mporomoko huo ndio unaowadanganya waendeshaji: mashua huonekana nzima hadi dakika chache kabla ya kusimama. Muda uliopatikana ugawanywe kwa mbili. Hiyo ndiyo ruhusa ya kukaa majini, nayo ifuatwe kwa saa ya mkononi, si kwa kukisia.

Utunzaji katika hali ya hewa ya Same

Joto ni adui wa betri. Kwa kanuni ya jumla, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka juu ya 25 hupunguza maisha ya betri ya risasi kwa nusu, na nguvu yake hujivujia haraka zaidi ikiwa kabatini. Katika tambarare ya Same betri isiachwe juani wala chini ya bati tupu. Juu milimani, karibu na msitu wa Chome, hali ni kinyume: asubuhi ya baridi kali inaweza kuipunguzia betri kama sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, na muda wa safari upunguzwe vivyo hivyo. Jambo hili si la kupuuza, kwa sababu alfajiri, kabla ndiva haijafunguliwa, ndiyo saa ambayo maji yamejaa na kutulia. Ndiva ni mali ya wenye zamu. Ruhusa yao iombwe kwanza, na mashua itolewe majini kabla mlango wa maji haujafunguliwa.

Betri ya risasi ichajiwe mara baada ya kutumiwa, kwa volti 7.2 hadi 7.35 na mkondo usiozidi ampea 1. Paneli ndogo ya jua hufaa sana katika nchi yenye jua kama Same, ila ipitie kwenye kidhibiti chaji. Betri iliyoachwa tupu wakati wa likizo ndefu huota chumvi ngumu ya salfati kwenye mabamba yake, na shule ikifunguliwa haitapokea chaji tena. Kinyume chake, seli za lithiamu zihifadhiwe zikiwa na nusu ya chaji.

Betri iliyokufa isitupwe bondeni, isichomwe, wala isipasuliwe. Risasi ikiingia katika udongo hukaa humo miaka mingi, na maji ya ndiva ndiyo yanayokwenda kwenye mahindi ya watu. Irudishwe kwa wanunuzi wa betri chakavu, ambao huipeleka kuyeyushwa upya.

Kwa siku ya kwanza ya majaribio, tunashauri mashua ifungwe uzi mwembamba wa kuvulia, na mshipi wa akiba wenye kuelea uwekwe ufukweni. Ikisimama, ivutwe au ingojewe mpaka upepo uilete. Hakuna mashua ya mfano inayostahili kufuatwa kwa miguu.

Maswali kwa wanafunzi

1. Mashua ina urefu wa sentimita 45, upana wa sentimita 14, na izame sentimita 4. Ukichukua sehemu sita katika kumi za sanduku, tafuta uzito wote inaoweza kubeba.

2. Betri ya volti 6 yenye ukinzani wa ndani wa omu 0.3 inaunganishwa na mota inayohesabiwa kuwa omu 2.5. Tafuta mkondo, volti zinazoifikia mota, na nguvu iliyopotea ndani ya betri.

3. Jaribio la taa mbili lilidumu dakika 50 kwa ampea 2.4. Betri ilitoa ampea-saa ngapi, na mashua iruhusiwe kukaa majini kwa muda gani?

4. Eleza kwa nini betri ikiwekwa juu ya sitaha badala ya juu ya mkuku mashua itapinduka kwa urahisi, ingawa uzito wake haukubadilika.